UZI: YMCA ilizaliwa ghorofani juu ya duka la vitambaa. Sisi Moshi tunaijua kwa bwawa na mzunguko tu

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye kamati ya usharika wetu (siutaji, waliomo humu wanajijua) kuna jambo limetugawa. Nyuma ya kanisa kuna eneo ambalo watoto wa mtaa wanachezea tangu mimi sijaoa. Kundi moja linataka zijengwe fremu za maduka, zipangishwe, kanisa lipate hela. Kundi lingine, nami nimo, linataka pawe kiwanja cha vijana kinachoeleweka. Katika kikao cha mwisho mzee mmoja ninayemheshimu sana akafunga mjadala hivi: kazi ya kanisa ni roho za watu, mpira waachieni TFF. Wengi wakatikisa kichwa kukubali.

Mimi naona mzee kakosea, na ushahidi upo hapa hapa mjini.

Hakuna mtu wa Moshi asiyeijua YMCA, yaani Chama cha Vijana wa Kikristo. Ukipanda kutoka Mnara wa Saa unafika mzunguko wa YMCA, konda anaita, watu wanashuka. Wengine humu mlijifunzia kuogelea pale, Kibo ikiwatazama kama hakuna mawingu. Lakini muulize mtu iliwekwa duniani kwa kazi gani, atakwambia ni hosteli ya Wazungu wanaokuja kupanda mlima.

Twende London, 1841. Kijana wa shamba, George Williams, mzaliwa wa Dulverton huko Somerset, anaingia mjini kutafuta maisha. Anapata kazi ya kuuza duka kwa Hitchcock & Rogers, duka kubwa la vitambaa jirani na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Wafanyakazi ni kama 140 na wanalala humo humo, ghorofani, wamebanana vyumbani. Kazi siku 6 kwa wiki, na siku yenyewe inaweza kufika saa 14.

Sasa duka limefungwa. Kijana hana shangazi mjini, hana sebule ya kukaa, chumba chenyewe ni kitanda tu. Milango iliyo wazi saa hizo ni ya vilabu vya pombe na ya wanawake wanaojiuza. Wahubiri wa London walikuwa wanalaani dhambi za mjini kila Jumapili. Kulikuwa na upungufu wa mtu wa kuwaambia vijana waende wapi Jumatatu jioni.

Tarehe 6 Juni 1844 Williams na wenzake, wote pamoja 12, wakakutana katika chumba kimoja juu ya duka wakaanzisha chama, ndiyo YMCA. Umri wake miaka 22. Walitoka madhehebu tofauti, Waanglikana na watu wa makanisa huru wamechanganyika, na kwa Uingereza ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Wazee wa huku watanielewa wakikumbuka ugumu uliokuwepo Mlutheri wa Machame akitaka kuoa Mkatoliki wa Kibosho.

Nakiri kitu ambacho kundi la fremu watakifurahia: mwanzoni hapakuwa na mpira wala bwawa. Palikuwa na Biblia, maombi, na muda si mrefu mihadhara na vyumba vya kusomea. Chama kilienea haraka kwa sababu wauza duka wapo kila mji. Mwaka 1851 London ilifanya Maonyesho Makuu, wageni wakajaa kutoka kila upande, wakaondoka na habari hizo. Novemba mwaka huo huo chama kikafunguliwa Montreal, Desemba kikafunguliwa Boston na nahodha wa meli, Thomas Sullivan. Mwaka 1855 wajumbe 99 kutoka nchi 9 wakakutana Paris na kukubaliana juu ya msingi wao: kuwaunganisha vijana wanaomkiri Yesu Kristo kuwa Mungu na Mwokozi wao, wawe wanafunzi wake kwa imani na kwa maisha. Miongoni mwa waliosukuma mkutano ule ni Henri Dunant wa Geneva. Ndiyo, huyo huyo ambaye baadaye aliona majeruhi wa vita ya Solferino, akawa chanzo cha Msalaba Mwekundu, na mwaka 1901 akapata Nobeli ya kwanza ya Amani.

Mwili uliingiaje? Tazameni New York. Mwaka 1866 chama cha pale kiliandika kwamba lengo lake ni kuinua hali ya vijana kiroho, kiakili, kijamii na kimwili. Vinne kwa mpigo, katika sentensi moja. Miaka 3 baadaye wakafungua jengo lenye maktaba, ukumbi na jimu ndani yake. Viongozi wao hawakuwa wahuni wanaotafuta kisingizio cha kucheza. Walikuwa watu wa sala waliogundua kwamba kijana aliyechoka na mpweke haji kwenye mkutano wa Biblia saa 2 usiku kwa sababu tu umemtangazia.

Ngoja nipumzishe vidole, nitarudi na habari ya matenga.

---

Kisiki cha Mbuyuni

Nimekaa mbele kabisa. Shusha nondo mangi.

---

Chalii wa Ngarenaro

Mleta uzi unatuzunguka. Ile nembo ya pembetatu nyekundu mbona huisemi? Pembetatu, jengo la Wazungu, bwawa... Sisi Arusha tulishaambiwa zamani hao ni Frimasoni. Jibu hilo kwanza halafu ndo uendelee.

---

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Chalii, kwa staili hiyo hata sambusa tutazikimbia.

Pembetatu ilibuniwa mwaka 1891 na daktari anaitwa Luther Gulick, mtoto wa ukoo wa wamisionari, aliyezaliwa Honolulu. Alikuwa mkuu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha YMCA kule Springfield, jimbo la Massachusetts. Pande tatu ni roho, akili na mwili. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiondoa upande mmoja umbo linafunguka, hivyo hakuna upande wa ziada hapo. Nembo ya umoja wao wa dunia ni ya miaka 10 kabla yake, na katikati kuna Biblia imefunguliwa Yohana 17:21, "wote wawe na umoja." Siri gani inaandikwa kwenye nembo na sura na mstari?

Sasa matenga. Majira ya baridi ya 1891 Gulick ana darasa korofi, wanaume 18 wanaosomea ukatibu wa vyama vya YMCA. Nje theluji, ndani wanapewa mazoezi ya viungo ya kuhesabu moja-mbili-tatu, wamechoka nayo kabisa. Walimu wawili wameshashindwa. Gulick anamgeukia mwalimu kijana kutoka Kanada, James Naismith, anampa wiki 2 abuni mchezo wa ndani.

Huyu Naismith ndiye ninayetaka mzee wa kamati yetu amjue. Alihitimu theolojia Montreal mwaka 1890, angeweza kuwa mchungaji. Wenzake wa chuo walimwombea aache michezo, waliiona mtego wa shetani. Yeye mwenyewe alisimulia kilichombadilisha: siku moja kwenye mechi mwenzake alitukana, kisha akageuka akamwomba radhi kwa kusahau kwamba Naismith yuko karibu. Hakuwa amemhubiria lolote. Alikuwa anacheza naye tu, na anacheza kwa adabu. Naismith akaona hapo kuna kazi ya Mungu ambayo mimbari haiifikii.

Alijaribu kwanza kuingiza mpira wa miguu na michezo mingine ya nje ndani ya ukumbi. Watu wakaumizana, vioo vikawa hatarini. Akakaa akatafakari. Vurugu inatoka wapi? Kwenye kukimbia na mpira, kwa sababu anayekimbia lazima akabwe. Basi marufuku kukimbia nao. Shuti kali linatoka wapi? Kwenye goli lililo chini na wima. Basi goli lipande juu ya vichwa na liwe la ulalo, mtu alazimike kurusha kwa upole. Akamwomba mtunza jengo maboksi mawili, jamaa hakuwa nayo, akaleta matenga ya mapichi. Yakapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, na roshani ilikuwa futi 10 kutoka chini. Hadi leo goli la kikapu duniani kote liko futi 10, yaani mita 3.05. Sheria 13 zikabandikwa ukutani. Tarehe 21 Desemba 1891 wakacheza, 9 kwa 9, goli likaingia moja tu. (Baadaye Naismith alifundisha timu ya chuo kikuu cha Kansas na akafungwa mara nyingi kuliko alizoshinda. Mwenye mchezo wake!)

Miaka 4 baadaye, 1895, William Morgan wa YMCA ya Holyoke, mji wa jirani, akaona wafanyabiashara wa makamo wanahema vibaya kwenye kikapu. Akatundika wavu, akawatenganisha wasigusane. Huo ndio mpira wa wavu ambao leo walimu na askari wetu wanaucheza kila jioni. Mwaka 1930 Juan Carlos Ceriani wa YMCA ya Montevideo, Uruguay, akaandika sheria za soka la ndani ambalo sasa linaitwa futsal.

Mniambie, hayo yote yametoka kwa watu waliosahau injili?

---

Babu wa Kilema

Wanangu, hamjambo. Mimi mjukuu ndiye ananiandikia.

Mnasahau jambo. Sisi Wakatoliki hatukuingia huko kirahisi. Mwaka 1920 Roma ilitoa waraka kwa maaskofu kuwatahadharisha juu ya YMCA, wakihofia vijana watafundishwa kwamba dini zote ni sawa. Tahadhari ile ilikaa miaka mingi. Nilipokuwa kijana padre wetu alituambia pale si mahali petu, tukacheze misheni. Na misheni tulicheza kweli! Kilema ilikuwa na mapadre tangu 1891, na sijui misheni yoyote ya mlimani isiyokuwa na kiwanja. Shule, zahanati, kanisa, kiwanja. Ndivyo walivyopanga, Wakatoliki na Walutheri.

Kwa hiyo huyo mzee wa kamati yenu mwulizeni yeye mwenyewe alicheza wapi utotoni.

---

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Shikamoo babu. Hilo la mwisho nimelibeba kama lilivyo.

---

Mama Rau

Kaka, nimesoma yote na ni mazuri, ila nina dukuduku. Vijana wanaume, nahodha mwanaume, katibu mwanaume, wanaume 18 na matenga. Mabinti wa London walikuwa wamelala? Nauliza kwa sababu hata kiwanja chenu najua kitakavyokuwa. Mtaweka magoli mawili, vijana wa kiume watakitawala kuanzia saa 10 jioni hadi giza, mabinti watakaa pembeni kushika viatu.

---

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Dada, hawakulala. Mwaka 1855, huko huko London, wanawake wawili walianza kila mmoja kivyake. Emma Robarts alianzisha kikundi cha maombi cha wanawake, na Mary Jane Kinnaird alifungua nyumba ya kulala mabinti wanaofika mjini, wakiwemo manesi waliokuwa wakienda na kurudi kutoka vita ya Krimea. Kazi hizo zikaja kuungana, ndiyo YWCA, chama cha wanawake. Wao walianza na kitanda salama kabla ya mpira, na ukifikiria binti anayeshuka stendi hajui pa kulala, utaona walianzia pale panapouma.

---

Mama Rau

Asante. Basi niongezee na langu, maana nilifundisha michezo shule ya msingi hadi nikastaafu. Mpira wa pete ni mtoto wa hicho kikapu cha Naismith. Mchezo ulivuka bahari kwenda Uingereza miaka ya 1890, walimu wa kike wa mazoezi wakaubadilisha uchezeke na sketi ndefu za enzi zile na uwanja wa nje. Ndiyo maana hamna kudunda, unashika unapasia, na kila mchezaji ana eneo lake. Mwaka 1901 sheria zikachapishwa. Ukaenea kwenye makoloni kupitia shule. Leo sidhani kuna shule ya msingi Kilimanjaro isiyo na mlingoti wa pete, hata kama umepinda.

Kwa hiyo kwenye kamati yenu simamisheni pete. Ni bomba moja na duara la nondo, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza.

---

Mkaa Soweto

Samahanini, mimi nawapinga wote. Hii ni propaganda. Mishonari, mpira, bendera, vilikuja kwenye boti moja. Vijana wa Kiafrika walipewa mpira ili wasiulize kodi ya kichwa inakwenda wapi. YMCA ni chama cha mabeberu na huko kwao Marekani walikuwa hawamruhusu mtu mweusi kuogelea na Mzungu. Ficheni na hilo.

---

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Sifichi. La ubaguzi ni kweli kabisa. Marekani YMCA za weusi na za weupe zilikuwa mbali mbali, na ilikuwa 1946 ndipo baraza lao la taifa lilipopitisha azimio la kuachana na utengano huo. Watu wanaoomba "wote wawe na umoja" walichukua miaka 100 kukubali umoja kwenye bwawa. Ni aibu na inabidi isemwe.

Ila usiwafute watu weusi waliokifanya chama hicho kuwa chao. Mwaka 1853, utumwa bado upo, Anthony Bowen, aliyekuwa mtumwa akajikomboa, alianzisha Washington YMCA ya kwanza ya watu weusi. Mwaka 1915 Carter Woodson alikuwa kwenye YMCA ya Mtaa wa Wabash, Chicago, alipounda na wenzake chama cha kuchunguza historia ya watu weusi. Kazi ya mtu huyo ndiyo iliyozaa wiki ya historia ya watu weusi mwaka 1926, na wiki ikawa mwezi. Ukumbi wenye kiti na taa ni kitu kikubwa kwa watu wanaofukuzwa kila mahali.

Na kuna la nyumbani. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916 wakiwafukuza Wajerumani. Vita ile iliwabeba wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu, na jina la Kariakoo limebaki kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Walikufa zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Katika vita hiyo YMCA ilimleta Afrika Mashariki Mmarekani mweusi, Max Yergan, kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka North Carolina, ahudumie askari na wapagazi. Aliyoyaona hayakumwacha salama. Alikwenda kufanya kazi Afrika Kusini kuanzia 1922, akarudi kwao akiwa mpinzani mkubwa wa ukoloni. (Uzeeni alibadilika tena akaenda upande mwingine kabisa wa siasa, lakini huo ni uzi wa siku nyingine.) Beberu gani anamtuma mtu kama huyo?

Halafu 1973 baraza la dunia la YMCA lilikaa Kampala. Mwaka mmoja tu baada ya Amin kuwafukuza Waasia! Hapo ndipo walipoandika kanuni zinazoitwa za Kampala: kufanya kazi kwa ajili ya nafasi sawa na haki kwa wote, mahusiano ya upendo na kuelewana, uaminifu na ubunifu, kukuza viongozi, na mtu kuendelezwa mzima mzima. Hawakufuta msingi wa Paris, waliujengea juu yake. Swali la haki, ambalo wewe Mkaa unasema mpira uliletwa kulizima, limo kwenye karatasi yao kwa jina la mji wa Afrika Mashariki.

---

Mkaa Soweto

Hilo la Kampala sikulijua. La ubaguzi silegezi. Endelea.

---

Msafiri wa Pasua

Mimi ni Mwislamu, niulize tu bila ugomvi. Mwanangu akienda kucheza kwenye kiwanja chenu, mtamtaka asali kwanza? Maana hapo ndipo wazazi wengi wa mtaani kwetu watakapogoma.

---

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Shekhe wangu, swali zuri kuliko yote. YMCA zimelijibu kwa muda mrefu: ziko nchi ambazo wanachama wengi si Wakristo kabisa, na milango iko wazi. Wenye chama wanajua wao ni nani na hawajifichi, ila mchezaji haulizwi dini getini. Mimi nitapendekeza hivyo hivyo. Ibada zetu ni kanisani, ratiba inajulikana. Kiwanjani ni sheria za mchezo na kutotukanana. Kijana wako akiniona mimi ninavyochezesha na asipendezwe na imani yangu, basi kosa ni la uchezeshaji wangu.

---

Fundi Fremu

Sawa, historia imekolea. Mimi ni wa kundi la fremu, na nawaambia kwa upendo: kiwanja hakilipi bili ya maji. Fremu 6 mwezi wa kwanza tu zinaingiza. Huyo Williams wenu aliishi kwa maombi?

---

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Williams alimwoa binti wa mwenye duka mwaka 1853, akawa mbia, duka likaitwa Hitchcock, Williams & Co. Kwa hiyo hela alikuwa anaijua vizuri, na alitoa nyingi. Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir mwaka 1894, na alipofariki 1905 akazikwa ndani ya Mtakatifu Paulo, jirani na duka alilofikia akiwa mshamba.

Ila swali lako ni la haki na YMCA walikutana nalo mapema. Chicago mwaka 1867 walijenga ukumbi wenye vyumba vya kulala juu. Mpangaji kijana analipa kodi nafuu, kodi inasaidia shughuli za chini. Tangu hapo ndivyo vyama vingi vinavyojiendesha duniani: hosteli, ada ya uanachama, kiingilio cha bwawa au jimu, kozi za ufundi, harambee. Bwawa la kwanza kwenye jengo lao lilikuwa Brooklyn, 1885, na bwawa ni ghali kuliko kiwanja chako cha vumbi.

Ninachokataa ni hesabu inayoandika mapato ya fremu na kuacha safu ya hasara wazi. Mtaa wetu una vijana wa bodaboda, mabinti wa saluni, wabeba mizigo wa mlimani wanaokaa wiki kadhaa bila safari msimu wa mvua. Jioni wana sehemu mbili za kukaa: kwenye pombe na kwenye mashine za kubeti. Ni wauza duka wale wale wa 1844, tofauti ni kwamba hawa wana simu. Halafu sisi wenye eneo tunajenga fremu, na wote tunajua mpangaji mwenye hela ya haraka ni nani. Tutapangisha mashine za kubeti nyuma ya madhabahu?

---

Fundi Fremu

Hapo kwenye mashine umenipiga. Lakini usinijengee hoja ya kwamba fremu zote ni kubeti. Mimi nasema hivi: mbele, upande wa barabara, weka fremu 2, stationari na mama wa chakula. Zilipie taa na mlinzi. Nyuma kiwanja. Nipe vipimo niangalie kama vinakaa. Eneo ni hatua 40 kwa 20, nilishapima.

---

Kisiki cha Mbuyuni

Uzi umekuwa kikao. Mwenyekiti nani? 😂

---

Mama Rau

Vipimo ninavyo kichwani. Uwanja kamili wa kikapu ni mita 28 kwa 15, na unataka nafasi ya mita 2 pembeni kila upande, kwa hiyo 32 kwa 19. Pete ni kubwa zaidi, 30.5 kwa 15.25. Wavu ni 18 kwa 9, ukiacha mita 3 kila upande unapata 24 kwa 15. Neti ya wanaume mita 2.43, ya wanawake 2.24, kwa hiyo nguzo ziwe na matundu ya kupandisha na kushusha.

Hatua ya mtu mzima haifiki mita, Fundi. Hiyo 40 kwa 20 yako ichukulie kama mita 30 kwa 15. Pimeni upya kwa futi kamba kabla ya kikao, msije mkaaibika.

---

Fundi Fremu

Basi kikapu kamili hakiingii hata bila fremu. Nikitoa mita 5 za fremu mbele inabaki 25 kwa 15.

---

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Na wavu unataka 24 kwa 15. Umekaa kama umekatiwa. Morgan aliubuni kwa watu wenye ukumbi mdogo na pumzi fupi, sisi tuna eneo dogo na wazee wa kamati.

Wavu katikati. Upande wa kaskazini mlingoti mmoja wa chuma wenye goli la kikapu la futi 10, watoto wacheze nusu uwanja wavu ukishushwa. Upande wa kusini bomba la pete la Mama Rau. Jumanne na Alhamisi kiwanja ni cha mabinti kuanzia saa 10, imeandikwa ukutani, na Mama Rau ndiye mwenye filimbi kama atakubali.

---

Mama Rau

Nakubali. Filimbi ninayo. Udongo wenu unatuama maji masika, kwa hiyo kabla ya nguzo anzeni na mfereji.

---

Fundi Fremu

Mfereji nachimba mimi na vijana wangu, bure. Fremu 2 lakini, msinigeuke kwenye kikao.

---

Njoro Kaskazini (mleta uzi)

Sigeuki. Kesho saa 12 asubuhi nipo pale na futi kamba. Nani anashika upande wa pili?

---

Msafiri wa Pasua

Nitashika mimi, nikitoka swala ya alfajiri napita.